Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Arusha: Mtoto wa shule asishikishwe foleni ya simu

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam nyingi kwako na kwa watumishi wote wa halmashauri yetu.

Mimi ni fundi cherehani. Baraza langu liko katikati ya mji, si mbali na Soko Kuu, na kazi inayonilisha zaidi ni sare za shule. Nimeona nikuandikie wewe moja kwa moja badala ya kuishia kwa Afisa Elimu, kwa sababu jambo lenyewe linagusa duka na linagusa darasa, na leseni ya duka na usimamizi wa darasa vyote vinapita katika ofisi yako.

Mwishoni mwa mwezi wa saba duka moja la simu, jirani na baraza langu, lilizindua simu mpya. Wiki nzima gari la matangazo lilikuwa likizunguka na spika zake, Kaloleni, Ngarenaro, Unga Limited mpaka Sakina: wateja hamsini wa kwanza watapunguziwa bei, watapewa fulana na spika ndogo. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mlango ungefunguliwa saa 4 asubuhi, lakini nilipofika kutandika meza yangu, saa 1 haijagonga, foleni ilikuwa imeshakata kona. Ilikuwa ile baridi yetu ya mwezi wa saba, mawingu yamefunika Meru yote, watu wanapuliza viganja.

Ndani ya foleni ile mlikuwa na watoto wa shule.

Fundi haulizi mtoto anasoma wapi. Ukosi unamwambia, rangi ya sweta inamwambia, marinda ya sketi yanamwambia. Watatu walikuwa wamegeuza sweta ndani nje ili nembo isionekane. Mmoja wao, binti wa Darasa la Sita, alikuwa amevaa sketi niliyoishona mwenyewe mwezi wa kwanza. Mama yake aliniomba niache pindo pana, inchi nne nzima, ili niwe naliteremsha kadiri mtoto anavyorefuka na sketi imfikishe Darasa la Saba. Nilimsogelea nikamuuliza kama leo hakuna shule. Akatazama chini, akasema, "Shikamoo mama. Namshikia anko namba." Huyo anko si ndugu yake. Ni kijana anayenunua simu za ofa na kuziuza kwa faida, na alikuwa amewapanga watoto kadhaa kwenye foleni, kila mmoja kwa elfu mbili na chapati, yeye amekaa kwenye bodaboda yake ng'ambo ya barabara.

Kwa hao sina haja ya maneno mengi, maana sheria imeshasema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kupewa ajira, na hata hapo ni kazi nyepesi tu, isiyomzuia kuhudhuria shule. Mtoto wa Darasa la Sita hajafika huko. Anayemlipa asimame barabarani saa za masomo amemwajiri, hata kama malipo yenyewe ni chapati.

Lililoniumiza zaidi, Ndugu Mkurugenzi, ni la baba mmoja aliyekuja na mwanawe.

Alikuwa kijana wa heshima, amevaa vizuri, amemshika mtoto mkono. Mtoto ni wa Darasa la Tano. Baridi ilipozidi alivua koti lake akamfunika nalo. Nasema hivyo ili ujue kwamba simzungumzii mzazi mbaya. Walikuwa wanacheka, wanaoneshana picha ya ile simu kwenye bango, na mtu yeyote angependa kuona baba na mwana wako hivyo. Ilipokaribia saa 2 yule baba akatoa simu yake, akampigia mwalimu: "Mwalimu, samahani sana, huyu kijana ameamka na homa, leo hataweza." Mtoto alikuwa amemwinulia uso, anamsikiliza neno kwa neno. Baba akakata simu, akamwambia, "Kesho mwalimu akikuuliza, unasema ulikuwa na homa. Sawa?" Mtoto akasema sawa.

Nilimwambia yule baba kwa upole kwamba leo ni siku ya masomo. Akanijibu, naye kwa upole, "Siku moja tu, mama."

Nimelifikiria sana hilo jibu. Kama hoja ni hesabu za siku ile, kweli mtoto mwenye bidii ataazima daftari la mwenzake na kunakili. Siku moja inaweza kulipwa, ingawa kwa mwalimu wa shule ya serikali mwenye darasa lililojaa mpaka mlangoni, kumrudia mtoto mmoja mmoja somo la jana si jambo dogo. Lakini Ijumaa yule mtoto alirudi darasani na uongo aliopewa na baba yake mzazi. Mwalimu atampa pole. Labda atamwambia akae karibu na dirisha, apumzike wakati wenzake wanafagia. Mtoto ataipokea pole ile akijua si yake, na akijua kwamba mtu anayemwamini kuliko wote ndiye aliyemtuma amdanganye mtu wa pili anayemwamini, mwalimu wake. Kuanzia hapo mwalimu akisema "njoo na mzazi wako", neno hilo lina uzito gani tena kwake? Ameshaona kwamba shule ndiyo inayosogezwa pembeni kila kikitokea kitu kinachong'aa.

Ziko sababu za kumtoa mtoto shule ambazo hakuna atakayezipinga. Msiba upo, hospitali ipo, nyumba inaungua. Mzazi anafika shuleni au anapiga simu, anasema ukweli, mwalimu anaandika ruhusa. Hakuna anayehitaji kumfundisha mtoto uongo ili ampeleke kwa daktari. Ukiona ruhusa inahitaji homa ya kutunga, mzazi mwenyewe anajua moyoni kwamba safari hiyo haina sababu.

Tena sisi watu wa Arusha tuna deni kubwa zaidi katika hili. Kwa miaka mingi serikali na wazee wamekuwa wakizungumza na wazazi wa Monduli, Longido na Ngorongoro: msimtoe mtoto darasani akachunge. Kwa yule mfugaji, ng'ombe ndiyo benki yake, ndiyo maziwa ya watoto wake, na wakati wa kiangazi kila mkono wa nyumbani unahitajika. Bado tumemwambia hapana, mtoto aende shule, na wengi wamesikia, kwa gharama yao wenyewe. Kesho baba wa Longido akishuka stendi akakuta mtoto wa mjini amesimamishwa asubuhi nzima kwa ajili ya fulana na spika ndogo, tutamtazama usoni namna gani?

Mimi nimezikuta foleni za shida. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, sukari, sabuni na hata kanga zilipatikana kwa kupanga mstari. Watu waliweka mawe, vikapu na makopo kushika namba, na kila mtu alilijua jiwe lake. Mama yangu alikuwa na watoto sita na hana sukari, lakini asubuhi alikuwa anaweka jiwe letu kwenye mstari halafu ananifunga vifungo vya sare. Jiwe lilishika namba, mimi nilikwenda shule. Ikiwa wakati wa njaa ile mtoto hakusimamishwa badala ya jiwe, sioni kwa nini asimamishwe leo kwa kitu ambacho wiki ijayo kitakuwa kimejaa madukani kila upande wa Barabara ya Sokoine.

Wapo wanaosema ndivyo dunia inavyokwenda, hata Ulaya na Marekani watu wanalala nje ya maduka. Ni kweli wanalala. iPhone ya kwanza ilipoanza kuuzwa Marekani tarehe 29 Juni 2007, foleni zilikuwa ndefu na wengine walikesha. Lakini siku hiyo milango ilifunguliwa saa 12 jioni, tena katika msimu ambao shule nyingi za huko zimefunga. Na wameonja pia ubaya wa watu wa kukodiwa: mjini Beijing, Januari 2012, umati uliojaa watu waliolipwa kushika nafasi ulikuwa mkubwa mno hata duka likakataa kufungua, watu wakalirushia mayai. Uingereza nayo haina mzaha na mahudhurio. Baba mmoja aliyempeleka binti yake mapumzikoni Florida katikati ya muhula bila ruhusa ya shule alipigania kesi yake mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2017 mahakama hiyo ikaamua dhidi yake. Kwa hiyo anayetaka kuiga ya wenzetu aige na hayo.

Nami sikuombi uanze kuwatoza wazazi faini. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 imeshaufanya uandikishaji na mahudhurio ya shule ya msingi kuwa lazima, na tangu 2016 ada imeondolewa shule za serikali hadi kidato cha nne. Msingi tunao. Ninachoomba ni kidogo na kiko ndani ya uwezo wako.

Duka linapotaka kuweka turubai, spika na foleni mbele ya mlango wake siku ya kazi, liambiwe kwa maandishi kwamba uzinduzi uanze saa 10 jioni au ufanyike Jumamosi, na kwamba mtoto wa shule hahesabiwi kwenye foleni saa za masomo, awe peke yake au na mzazi. Likipenda kuwapa namba wateja wake, litumie ujumbe wa simu. Duka linalouza simu haliwezi kusema halina njia hiyo. Mimi pia ni mfanyabiashara na nailipia leseni yangu, najua umati una faida. Siku ile hata mimi niliuza vifungo na kurekebisha zipu za watu waliochoka kusimama. Wateja wale wale wangekuja saa 10 jioni.

Afisa Elimu wa Kata naye apewe taarifa mapema siku za namna hiyo, apite, awaulize watu wazima waliosimama na watoto. Watu wazima, narudia. Nakuomba sana watoto wasichapwe kwa hili. Yule binti aliyegeuza sweta tayari anaona aibu. Nilimwona alivyolivuta pindo la sketi kana kwamba linaweza kumfunika. Aliyestahili kuulizwa alikuwa ng'ambo ya barabara kwenye bodaboda. Na walimu wakuu wakizungumza na wazazi kwenye kikao cha muhula huu, waliseme hili la homa za kutunga wazi, bila kumtaja mtu.

Tumeingia mwezi wa tisa, mwezi wa mtihani wa Darasa la Saba, na upimaji wa Darasa la Nne uko mlangoni. Asubuhi hii wamebandika bango jipya kwenye nguzo iliyo mbele ya meza yangu: simu nyingine, Jumatano ijayo, mlango unafunguliwa saa 3 asubuhi, wateja hamsini wa kwanza wana zawadi. Zimebaki siku za kutosha kwa ofisi yako kumpigia simu mwenye duka na kumwomba asogeze saa. Nakuomba uipige.

Wako katika ujenzi wa jiji letu,

Fundi cherehani na mjumbe wa kamati ya shule,
Arusha