Tovuti yenu inanisomea Kiswahili kwa sauti ya Kizungu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu na msomaji wenu wa miaka mingi. Presha ya macho imelichukua jicho langu la kushoto, na la kulia limebaki na upenyo mdogo, kwa hiyo siku hizi gazeti lenu nalisikiliza. Kwenye kompyuta nimewekewa NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini ambayo Michael Curran na James Teh, vijana wawili wasioona wa Australia, walianza kuitengeneza mwaka 2006. Nafungua kivinjari, nabonyeza herufi H, narukaruka vichwa vya habari mpaka nipate ninachokitaka. Hapo sina neno.

Kasheshe inaanza habari yenyewe inaposomwa. Majuzi mliandika kuhusu maji wilayani Same. Mashine ikatamka "Seim". Wananchi wote wakawa wananchi "wout", na diwani aliyefika na mke wake akafika na mke "weik". Mama watoto alikuwa anachambua mchele, akaniuliza, "Baba Neema, huyo mzungu anataka nini humu ndani?"

Nilidhani programu imeharibika. Kijana wa dada yangu, fundi wa tovuti, alipokuja kutusalimia nikamwomba aitazame. "Mjomba, mashine haina kosa," akasema. Kumbe mwanzoni mwa kila ukurasa wa tovuti kuna mstari ambao msomaji hauoni, unaokitajia kivinjari lugha iliyotumika. Wenu umeandikwa "en", yaani Kiingereza. Mashine imeagizwa isome Kiingereza, nayo inatii. Kijana akahifadhi nakala ya ukurasa ule, akafuta "en", akaandika "sw". Tukasikiliza tena: Same ikawa Same. Sauti ilikuwa ileile ya roboti, ila sasa ilikuwa inasema lugha yangu.

Na sauti za Kiswahili zipo. NVDA inakuja nayo moja, na kivinjari cha Microsoft Edge kinazo nne za kusoma kurasa: Rehema na Daudi wa Tanzania, Zuri na Rafiki wa Kenya. Rehema anasoma vizuri kuliko baadhi ya wanafunzi niliowafundisha.

Jambo la pili ni matangazo. Kuna ofisi moja, jina naliacha, ilitoa tangazo la uhakiki wa wastaafu, nanyi mkalipandisha kama lilivyowafikia: picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu. Nilipolifikia, mashine ikanisomea jina la faili. I, M, G, kistari, tarakimu nane, kistari, W, A, sifuri sifuri moja saba. Basi. Tarehe ya uhakiki niliambiwa na jirani, siku mbili kabla ya mwisho. Najua kwa nini picha zinapendwa. Mtu wa kwetu haamini tangazo mpaka auone muhuri. Bakini na muhuri wenu, lakini chini yake chapeni maneno yaleyale, kwa sababu kisoma skrini kinasoma herufi, na picha ya herufi kwake ni picha tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaitaja intaneti waziwazi katika ibara ya 9, kwa hiyo msinione mlalamishi.

Kwenye simu natumia hilo jicho lililobaki. Natanua ukurasa wenu kwa vidole viwili, hautanuki. Aliyeutengeneza ameufunga, nadhani usije ukaharibu mpangilio wake mzuri. Chrome ya simu ina sehemu ya kulazimisha ukurasa ukubali kukuzwa, nami nimeiwasha, lakini wazee wenzangu wa kijiweni hawajui hata ilipo. Miongozo ya kimataifa ya tovuti tangu mwaka 2008 inataka maandishi yaweze kukuzwa hadi mara mbili bila kitu kupotea.

Kufuli hilo na lile neno la lugha viko karibukaribu, mistari michache tu juu kabisa ya ukurasa. Mpwa wangu yuko tayari kuja ofisini kwenu kumwonyesha fundi wenu. Anasema atakapomaliza, chai mtakayomkaribisha haitakuwa imepoa.

Wenu,
Baba Neema,
Tanga