Barua kwa mwanangu: usije kudaka mechi ya mwisho

Mwanangu, assalaam alaykum. Voisi zako nimezisikiliza zote, ile ndefu tumeirudia na mama yako, yeye kacheka akasema huyu anataka kuacha kazi mjini aje adake mpira huku Micheweni, Pemba. Mie sikucheka. Jibu langu ni usije, na nakuandikia maana nikipiga simu utanikata maneno kama kawaida yako.

Kwanza nikuhadithie msimu ulivyokwenda, kwenye grupu unapata habari nusunusu. Tulianza vibaya. Mechi za mwanzo ziliangukia vuno la karafuu, vijana wako juu ya mikarafuu, beki wetu wa kati kaenda Mtambile kuchuma kwa wajomba zake, tunaingia uwanjani watu kumi na moja kamili bila sabu hata mmoja. Konde wakatufunga, Wingwi wakatufunga tena hapa hapa kwetu, wazee barazani washaanza kusema timu ivunjwe, jezi zigaiwe.

Halafu kuna hili la mwezi. Unajua nusu ya kikosi ni wavuvi wa dagaa, na dagaa anafuata taa usiku wa giza, basi giza likiingia vijana wanakesha baharini mpaka alfajiri, halafu saa kumi jioni unamwambia mtu amkabe winga, amkabe na miguu gani? Mbaamwezi ikitoka taa hazina kazi, mashua zinapumzika, watu wanalala majumbani, hapo ndio utaiona timu, pasi zinatembea, wanakimbia mpaka adhana ya magharibi. Mie ni mweka hazina tu, ukocha sijausomea, ila kalenda ninayo na mechi tulizoshinda karibu zote ni za mwezi mkubwa. Nikamwambia kocha aende akaombe ratiba ifuate mwezi, akanitazama kama nimerukwa na akili. Sasa hivi kila Alhamisi anapita mwenyewe, "mzee, leo mwezi ngapi?"

Basi ndivyo tulivyopanda mpaka hapa, mechi moja imebaki na sare inatutosha kupanda daraja.

Sasa kipa. Yule mtoto aliyekuwa akikuokotea mipira nyuma ya goli ndio anadaka, bado yuko skuli, mwembamba kama ufito. Mwanzo alitutia presha, mipira ya juu ilikuwa inampita tu. Lakini ile mechi na vinara wa kundi, mvua ya vuli imepiga mchana kutwa, golini kwake dimbwi, refa akatoa penalti dakika za mwisho (si penalti ile, kila mtu kaona, lakini basi), mtoto akasimama wima mpaka mpigaji kapiga ndio akaruka, akaupangua. Wewe ulikuwa unaruka kabla, kila penalti, na nilikwambia.

Na hili la kucheza kwa leseni ya binamu yako kwa kuwa mnafanana, umelifikiria kweli? Huo ni umamluki. Dirisha la usajili lishafungwa zamani na wewe umesaini timu ya huko Unguja. Hapa nani hakujui? Hata refa atakayechezesha anakujua, si ndiye aliyekupa njano mwaka juzi kwa kupoteza muda? Wapinzani wataweka pingamizi kabla hujavua glavu, watapewa ushindi wa mezani na sisi tubakie tunatazamana.

Januari 2025 ulipovuka kuja uwanja wa Gombani, Zanzibar Heroes wakampiga Burkina Faso 2-1 fainali ya Kombe la Mapinduzi, nani alikuuliza habari ya kazi? Hata nauli nilikuongezea, siku ile haikuwa ya mtu kubaki nyumbani. Lakini hii ni ligi ya wilaya mwanangu, na bosi wako hatoelewa.

Kocha anakusalimia. Hajasema uje, usimsingizie.

Ukitaka kusaidia tuma glavu. Za huyu mtoto zimechanika vidole, anazifunga kwa selotepu. Zako za zamani zitampwaya, tafuta saizi ndogo pale Darajani, na uangalie ile raba ya kiganjani isiwe imekauka maana wanauza vilivyokaa dukani miaka. Jumamosi mjomba wako anarudi na boti ya Mkoani, mpe yeye mkononi, usimpe mtu bandarini.