Mto ukipata joto, kifaranga cha samoni hudumaa

Mhariri,

Wapo wanaodhani samaki yeyote hukua haraka maji yakipata joto. Kwa vifaranga vya samoni wa Mto Columbia, Marekani, jambo hilo lina mpaka, tena mpaka wenyewe unategemea chakula.

Maji yakipanda kutoka nyuzi 10 za Selsiasi hadi 15, kifaranga aliyeshiba hula zaidi na kunenepa. Lakini joto hilohilo huongeza nguvu anayotumia kupumua na kuogelea. Wadudu wa majini wakiwa haba, karibu chakula chote huishia kuendesha mwili, na ukuaji hudorora hata kabla maji hayajapata joto kali. Kupita nyuzi 20 hamu ya kula hupungua. Kukaribia 25, wengi hufa. Oksijeni nayo hukimbia: lita ya maji ya nyuzi 10 hubeba takriban miligramu 11, ya nyuzi 20 hubeba 9 tu, wakati ambapo samaki anaihitaji zaidi.

Ndiyo maana wastani wa joto la mwezi hupotosha: huficha saa ambazo maji huwa na joto kali zaidi. Kipimo cha alasiri ndicho kinachoonyesha hatari.

Wenzetu mnaofuga trauti, jamaa ya samoni, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, tunawasihi: msikate miti ya kingo za mto inayotia maji kivuli. Lisheni asubuhi maji yakiwa baridi, na yakifika nyuzi 20 acheni kulisha, kwani chakula kinachobaki huoza na kula oksijeni iliyosalia.

Wafugaji wa trauti,
Nyeri