Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Assalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Mama zangu na dada zangu wa pande zote mbili za Mto Tana, nawasalimu.

Kazi za kawaida mnazijua, sitawachosha. Baraza za chifu tulihudhuria, miche ya miembe tuligawa, wafiwa tuliwafariji, viti na tenti vilikodishwa vikarudi vimevunjika kama kawaida. Tarehe 31 Oktoba tuliadhimisha miaka 25 ya Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lile linalotaka wanawake washirikishwe katika kuzuia na kumaliza vita. Wanachama saba walifika. Nawashukuru hao saba.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo limesemwa kisimani, kwenye kinu cha posho na kwenye grupu yetu ya WhatsApp, kila mahali isipokuwa mbele yangu: kwamba wakati wa kiangazi mwenyekiti "aliuza watoto wetu".

Ilikuwa hivi. Ng'ombe waliingia shamba la mahindi karibu na malka, ile njia ya mifugo kwenda kunywa maji mtoni, wawili wakakatwa mapanga. Wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo wakulima, na wa Matadeda, baraza la Waorma wafugaji, wakasema watakaa Ijumaa. Jumatatu akina mama wa maziwa hawakuja sokoni. Jumanne vilevile. Nikapita upande wa mboga, nikamkuta mwenzetu mmoja anafungasha saa nne asubuhi, karai bado limejaa nyanya. Nilipomuuliza akasema tu, "Mama, wanangu nimeshawapeleka kwa bibi yao." Jioni mwanachama mwingine, ambaye jina lake sitalitaja hata mkiniondoa kitini, akanieleza kuwa vijana fulani wanachanga pesa za petroli. Hao vijana hakuna hata mmoja mwenye pikipiki.

Katiba ya chama inasema habari za namna hiyo zipitie kwanza kwa kamati. Nalijua hilo, kifungu chenyewe nilikiandika mimi. Lakini kamati ina watu saba. Watatu hawakupokea simu, na mmoja ni shangazi wa vijana haohao. Ningengoja akidi ya nini? Usiku uleule nilimpigia chifu, kisha naibu kamishna wa kaunti. Vijana wanne wakachukuliwa, mmoja wao mtoto wa mwenzetu. Waliachiliwa bila mashtaka. Na waliokaa nje ya kituo na thamosi ya chai mpaka vijana wakatoka ni mimi na katibu. Wasemaji wa grupu sikuwaona.

Wengi wetu tulikuwepo 2012. Agosti ile, kule Riketa kwenye Delta ya Tana, waliuawa zaidi ya watu 50 katika shambulio moja, wengi wakiwa wanawake na watoto. Sisemi ya nani alianza, maana chama hiki kina watu wa pande zote. Nasema tu kwamba mwaka ule nao tulianza kwa kugombana juu ya ng'ombe na mashamba.

Wapo wanaosema kazi ya mama ni kutuliza, si kupeleka habari serikalini. Hao waulize ya Wajir, kule kaskazini mashariki mwa Kenya. Miaka ya tisini koo zilipokuwa zikiuana, marehemu Dekha Ibrahim Abdi na wenzake walianzia sokoni, ili wanawake wa kila ukoo wauze na kununua bila kubaguana. Kisha wakawafuata wazee, vijana na maofisa wa serikali, na kamati za amani za wilaya zilizoenea nchini zilichota huko. Mwaka 2007 dunia ikamtunuku tuzo ya Right Livelihood. Sijilinganishi naye. Lakini mpango wa taifa wa 2016 wa kutekeleza lile Azimio 1325 uliitwa "Kuhusisha Wanawake ni Kudumisha Amani", nami nilidhani kuhusishwa huko ni pamoja na kupiga simu.

Malalamiko ya pili ni Sh. 21,200 za mkutano wa malka. Pesa hizo zilinunua mchele, mbuzi mmoja, mafuta ya boti na nauli za akina mama kutoka vijiji vya ng'ambo. Pale ndipo tulipokubaliana mifugo ipite njia gani na nani ampigie nani wakiingia shambani. Jumatatu iliyofuata maziwa yalirudi sokoni. Baadaye wazee walitia sahihi makubaliano hayohayo, wakapigwa picha wao peke yao. Mwaka 2008 kwenye mazungumzo ya Serena, Nairobi, ya kumaliza ghasia za baada ya uchaguzi, kila upande ulikuwa na wajumbe wanne, na kati yao mwanamke mmoja tu, Martha Karua upande wa serikali na Sally Kosgei upande wa ODM. Sisi tumeambulia kuosha sufuria za mkutano ambao tuliulipia wenyewe.

Hesabu. Ada Sh. 31,900, ukodishaji Sh. 29,400, jumla Sh. 61,300. Matumizi: malka Sh. 21,200, rambirambi Sh. 12,000, usafiri na simu Sh. 12,000, ukarabati wa tenti na viti Sh. 9,550, jumla Sh. 54,750. Salio Sh. 6,550.

Wanachama ni 58. Waliomaliza ada ni 19, waliolipa nusunusu ni 14, na 25 hawajatoa hata shilingi, wakiwemo wanaodai risiti ya mbuzi kwa sauti kubwa kuliko wote. Ada ni Sh. 100 kwa mwezi, ndugu zangu. Mkutano wa Agosti tulikuwa kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuja kukodi viti.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata nafasi zaidi kwenye kamati ya amani, kuwaingiza wasichana chamani na kutafuta mfadhili. Mazungumzo yapo.

Uchaguzi utafanyika Machi. Anayekitaka kiti hiki achukue fomu kwa katibu, akishalipa ada.

Mwenyekiti