Njoo Oktoba, swahiba

Burlington, Vermont

Swahiba yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila baridi imeshabisha hodi. Barua yako nimeipata, na lile swali la mwezi gani uje nalijibu kwanza: njoo wiki ya kwanza ya Oktoba, majani ya miti yakiwa yamegeuka rangi, tuyatazame kwa baiskeli. Julai waachie wenye watoto wa shule. Halafu ulivyoandika kwamba Marekani ni barabara kuu na magari matupu, baiskeli itapita wapi, ulinichekesha kweli. Jimbo hili la Vermont zaidi ya nusu ya barabara zake hazina lami. Ni udongo na changarawe, kama za huko kwenu migombani.

Jumamosi nilitoka na jamaa ninayefanya naye kazi. Tulipakia baiskeli kwenye gari hadi Peacham, kijiji kidogo cha kaskazini mashariki, tukashika njia ya udongo kuelekea Cabot. Njia hiyo ina kisa utakachokipenda. Walianza kuichonga mwaka 1776, Wamarekani wakipigana na Waingereza, ili wapitishe askari kwenda Kanada. Jacob Bayley, afisa wa jeshi la Wamarekani, ndiye aliyeisimamia. Walipovuka Peacham kidogo wakashtuka: njia ya kumpeleka askari wako kaskazini ndiyo hiyo hiyo ya kumleta adui kusini! Wakaiacha. Mwaka 1779 afisa mwingine, Moses Hazen, akaiendeleza, ikaja kukomea kwenye uwazi wa milima, na Kanada haikufika. Waliofaidi ni wakulima waliohamia kandokando yake baada ya vita. Basi sisi tulikuwa tunakanyaga pedali juu ya barabara ya jeshi, na tuliyepishana naye ni mzee mmoja na trekta lake.

Majani sasa. Picha nilizokutumia zisahau, hazisemi kitu. Mti unaotia fora ni mepo, ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Siku zikifupika, ukijani huvunjika ndani ya jani. Umanjano ulikuwemo siku zote, umefunikwa tu, lakini wekundu mti huutengeneza upya, hasa mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa baridi bila kuganda. Jani moja lilininasa kwenye madigadi: kingo nyekundu kama pilipili, mishipa bado kijani. Na ukitazama vizuri kati ya mashina utaona mipira myembamba imetandazwa toka mti hadi mti. Mwisho wa baridi utomvu hupita humo, wakauchemsha uwe asali ya mepo. Lita 40 za utomvu kwa lita moja ya asali, fikiria kuni hizo.

Kitu kitakachokushangaza ni ukimya. Kwetu huwezi kupanda kilima bila kuambiwa pole, bila watoto kukukimbilia na kelele zao. Huku unapita nyumba baada ya nyumba, moshi unatoka, mtu humwoni. Badala yake kuna meza getini: maboga, mayai, matufaha, na kopo la kutia hela. Hakuna mlinzi. Usinicheke, nami niliwaza hicho hicho unachowaza. Nilitia dola zangu, nikachukua matufaha. Ukweli ni kwamba ningefurahi zaidi kama mwenyewe angetoka tukasalimiana.

Njia zenyewe zimetunzwa kuliko unavyodhani. Miji mingi ina magreda ya kuzisawazisha, na Jumanne ya kwanza ya Machi mingi hukutanisha wananchi ukumbini, wakabishana na kupigia kura bajeti ya mji. Lakini mwezi huo huo theluji huyeyuka na udongo unakuwa uji mtupu, magari yananasa. Usije Machi, tafadhali.

Lete glavu na koti la upepo, asubuhi nyasi huwa na jalidi. Fulana ya rangi ya machungwa ninayo ya akiba, utaivaa uonekane, maana wawindaji wameanza kuingia msituni. Baiskeli usihangaike nayo. Jamaa yangu ana ya pili, fremu itakutosha na tairi zake ni pana, ila breki ya nyuma tutaibadilisha kabla hujafika, maana miteremko ya Cabot haina mchezo.

Nijibu mapema. Watu hutoka mbali kuja kutazama majani, na vyumba vya vijijini hujaa. Mama mpe shikamoo yangu.

Wako wa siku zote