Mdogo wangu, usiziache dawa

Mdogo wangu mpenzi,

Jana uliniambia kwenye simu kwamba tangu uone mistari miwili kwenye kipimo cha mimba hujameza hata kidonge kimoja cha kifafa, na nilisikia fahari katika sauti yako. Nakujibu hadharani, bila kukutaja, maana najua wako wengi waliofanya hivyohivyo kwa mapenzi ya mtoto.

Hata mimi nilifanya. Mimba ya kwanza nilipunguza dozi kimyakimya. Siku moja nikazinduka sakafuni jikoni, ulimi nimeuuma, sufuria ya maji ya moto imepinduka hatua moja kutoka nilipolala. Ukianguka, mtoto naye aweza kukosa hewa. Degedege isiyokatika yaweza kuwaua nyote wawili.

Kwa hiyo nenda kliniki leo, wakueleze namna ya kuzirudia, usijipangie dozi. Ikiwa dawa yako ni valproeti, iseme mapema. Hiyo ndiyo yenye hatari kubwa: karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya kimaumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 huchelewa kukua kiakili. Hata hiyo haiachwi ghafla. Daktari ndiye atakayeamua. Dawa nyingine, lamotrijini na levetirasetamu, zina usalama zaidi, ila mimba inavyokua mwili huziondoa haraka, hasa lamotrijini, kwa hiyo dozi huenda ikapandishwa. Ukishajifungua ishushwe tena, la sivyo utaona kizunguzungu na vitu viwiliviwili. Uliza pia kuhusu asidi ya foliki, ile vitamini ya wajawazito. Wengi wetu hupewa miligramu 5 kwa siku mpaka wiki ya 12.

Na mtu akikuambia una "kifafa cha mimba", msahihishe. Hicho ni kitu kingine, kinaletwa na shinikizo la damu baada ya wiki ya 20. Lakini ukianguka mimba ikiwa kubwa, usiseme ni kifafa chako cha siku zote. Wapime shinikizo kwanza.

Kunyonyesha, nyonyesha. Dawa hupita kidogo kwenye maziwa, lakini nyingi hazizuii. Kama dawa yako ni fenobabito, mwangalie mtoto asije akalala kupita kiasi na kushindwa kunyonya. Kaa chini kwenye godoro, mgongo ukutani, mito pande zote, ili ukianguka yeye asianguke kutoka juu. Nepi mbadilishie palepale chini. Kumwogesha ukiwa peke yako, hapana; mfute kwa kitambaa mpaka aje mtu.

Kinachonitia hofu kuliko vyote ni usingizi, kwa sababu kukesha huamsha kifafa, na mtoto mchanga hajui usiku. Nimeshaomba likizo. Wiki sita za kwanza zamu ya usiku ni yangu: wewe kamua maziwa jioni, umeze dawa, ulale. Kikombe nitamshikia mimi.

Dada yako