Kura 42 za wabunge zitajwe kabla ya asilimia 56.5

Ndugu Mhariri,

Kila inapoandikwa habari ya Kemi Badenoch kwa Kiswahili, tarakimu inayotajwa ni ileile: asilimia 56.5 ya kura za wanachama, zilizompa uongozi wa chama cha Conservative cha Uingereza tarehe 2 Novemba 2024. Tarakimu hiyo ni sahihi. Alipata kura 53,806, na Robert Jenrick 41,388. Hata hivyo msomaji anayeishia hapo hajui Badenoch alifikaje kwenye karatasi ya kura, wala kwa nini viongozi wa chama hicho hung'olewa upesi namna ile. Naomba gazeti lako lianze kutaja tarakimu nyingine kabla ya hiyo, nayo ni 42.

Hao ni wabunge waliompigia Badenoch kura katika duru ya mwisho bungeni, tarehe 9 Oktoba. Chama kilikuwa na wabunge 121 baada ya kuangushwa vibaya katika uchaguzi mkuu wa Julai. Jenrick alipata 41 na James Cleverly 37, jumla 120. Kwa maneno mengine, wabunge wawili katika kila watatu walimtaka mtu mwingine.

Utaratibu wenyewe ulianzishwa mwaka 1998, William Hague akiwa kiongozi. Wabunge hupiga kura ya siri duru kwa duru, na kila duru mwenye kura chache kuliko wote hukatwa. Wakibaki wawili, ndipo karatasi zinapopelekwa kwa wanachama. Mwanachama mwenyewe sharti awe amejiunga walau miezi mitatu kabla. Mwaka 2022 waliostahili kupiga kura walikuwa 172,437. Mwaka 2024 walikuwa wameshuka hadi 131,680. Hawa huchagua kati ya majina mawili tu, na hawana namna ya kumrudisha aliyekwisha kukatwa.

Masharti ya kuingia hubadilika kila mara, na hapa ndipo waandishi wengi hujikwaa. Hupangwa na Kamati ya 1922, yaani umoja wa wabunge wa chama wasio na uwaziri, kwa kushauriana na bodi ya chama. Julai 2022 mgombea alihitaji kuungwa mkono na wabunge 20. Oktoba ya mwaka huohuo, Waziri Mkuu Liz Truss alipoanguka, idadi ilipandishwa hadi 100. Rishi Sunak akabaki peke yake na wanachama hawakupiga kura kabisa. Mwaka 2024 walitakiwa 10. Anayechukua kanuni za mwaka mmoja akazitumia kueleza uchaguzi wa mwaka mwingine atawapotosha wasomaji wake.

Duru za 2024 zinastahili kusomwa taratibu, kwa sababu zinafundisha kuliko hotuba zote za kampeni. Badenoch hakuongoza hata mara moja kabla ya duru ya mwisho. Alianza na 22, akapanda hadi 28, kisha 30. Katika duru ya tatu, tarehe 8 Oktoba, aliyeongoza ni Cleverly kwa kura 39, mbele ya Jenrick mwenye 31, na Badenoch alikuwa wa tatu. Tom Tugendhat alikatwa akiwa na 20. Sasa piga hesabu: wagombea watatu, kura 120. Mwenye kura 41 hawezi kukatwa, maana wengine wawili wanagawana 79 na mmoja wao lazima awe na 39 au chini ya hapo. Cleverly alihitaji kura mbili tu kati ya zile 20 zilizokuwa hazina mwenyewe. Kesho yake akapata 37. Badenoch aliongeza 12, Jenrick 10, na Cleverly akapoteza mbili.

Maelezo yaliyovuma ni kwamba baadhi ya wapambe wa Cleverly walimwona amekwisha kuvuka, wakaazimisha kura zao ili wamchagulie mpinzani rahisi. Kura ni ya siri, kwa hiyo hilo halithibitiki. Hata kama liliwaponza, kosa lao lilikuwa la hesabu: kura haiazimwi kabla ya kufikia idadi isiyokatika. Kama Cleverly angepata zile kura mbili, mmoja kati ya Badenoch na Jenrick angerudi nyumbani siku ile, na habari tunazoandika leo zingekuwa nyingine.

Safari ya Badenoch kabla ya hapo nayo husimuliwa kama ya mtu aliyeibuka ghafla: mzaliwa wa London, akalelewa Lagos, akarudi Uingereza akiwa na miaka 16. Ngazi zake za kisiasa hurukwa. Aligombea ubunge mara ya kwanza mwaka 2010 katika jimbo la Dulwich and West Norwood, akawa wa tatu. Mwaka 2012 aliwekwa nafasi ya tano kwenye orodha ya chama ya Baraza la London na hakupata kiti. Kiti kilimfikia mwaka 2015, pale Victoria Borwick, aliyekuwa na kiti cha chama katika baraza hilo, alipochaguliwa kuwa mbunge, na aliyekuwa wa nne kwenye orodha, ambaye leo anajulikana kama Suella Braverman, naye akawa ameingia Bungeni. Mwaka 2017 alipata Saffron Walden, jimbo alilokuwa amelishika Alan Haselhurst tangu 1977, na akashinda kwa tofauti ya kura 24,966. Jimbo la namna hiyo humpa mbunge nafasi ya kujijenga ndani ya chama bila hofu ya kuangushwa nyumbani.

Hatua iliyomtengeneza kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kushindwa kwake katika uchaguzi wa uongozi wa chama wa Julai 2022. Aliingia akiwa hajawahi kukaa katika Baraza la Mawaziri, akakatwa katika duru ya nne akiwa wa nne kwa kura 59. Katika duru iliyofuata Truss aliongeza 27, Sunak 19, Penny Mordaunt 13. Zijumlishe: 59 kamili. Truss, aliyekuwa nyuma ya Mordaunt kwa kura sita, akampita na kuingia mbili bora. Septemba Truss akawa Waziri Mkuu, na Badenoch akapewa uwaziri wa biashara ya kimataifa.

Narudi kwenye ile theluthi ya wabunge waliompigia Badenoch kura. Iain Duncan Smith alipelekwa kwa wanachama mwaka 2001 akiwa na wabunge 54 kati ya 166. Wanachama wakamchagua, na Oktoba 2003 wabunge wakamwondoa kwa kura 90 dhidi ya 75. Truss alikuwa na 113 kati ya kura 355, akakaa madarakani siku 49. David Cameron alikuwa na 90 kati ya 198, akaongoza chama zaidi ya miaka kumi. Kura nyingi hazimlindi mtu daima: Theresa May alikuwa na 199 kati ya 329 na bado Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, ilimshinda. Lakini anayeanza na theluthi huanza bila akiba ya watu wa kumtetea mambo yakiharibika.

Kanuni ya kumwondoa kiongozi ndiyo inayotoa uzito kwa hesabu hii. Mbunge humwandikia mwenyekiti wa Kamati ya 1922 barua ya kutokuwa na imani. Zamani asilimia 15 ya wabunge ilitosha kuitisha kura. Badenoch alipochaguliwa ilifahamika kuwa kiwango kimepandishwa hadi theluthi moja, na kiongozi mpya hupewa miezi 12 ya kinga. Kwa wabunge 121, theluthi ni barua 41. Jenrick alikuwa na kura 41.

Mhariri, nafasi ya kuyaandika haya si kubwa. Sentensi moja yatosha: kura za duru ya mwisho ya wabunge, na idadi ya wabunge wote siku ile, vikiwekwa juu ya asilimia ya wanachama. Na ukifika uchaguzi mwingine wa chama hicho, matokeo ya duru zote yachapwe, maana aliyekatwa wa nne leo anaweza kuwa ndiye mtakayemwandika kesho.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam